Daftari la Utepe wa Manjano

Mji wa Kesho ulitupwa jalalani Jumatatu, saa kumi na moja kasorobo, pamoja na maganda ya ndizi na kandambili moja ya mguu wa kushoto, na mtu aliyeutupa alikuwa anapiga mluzi.

Ulikuwa mji mzuri, kwa kadiri ya miji inayojengwa kwa takataka. Ulikuwa na maghorofa ya maboksi ya maziwa, minara ya vigogo vya karatasi za chooni, uwanja wa ndege wa trei ya mayai, na ziwa la karatasi za pipi za bluu. Wanafunzi wanne wa darasa la sita walihangaika nao wiki tatu, ili Ijumaa, siku ya Maonyesho, wazazi wasimame mbele yake na kufahamishwa kwamba dunia inaharibika. Lakini Jumatatu hiyo ulikuwa umelazwa sakafuni kwenye ukumbi mdogo ili gundi ikauke, na haukuwa na utepe.

Shule hiyo ya kimataifa ilikuwa na bendera thelathini na nne barazani, maneno makubwa matatu ukutani (Tunauliza, Tunajali, Tunathubutu), na sheria moja tu iliyofuatwa na watu wote: kitu chenye utepe wa manjano hakiguswi. Kisicho na utepe, kikikutwa sakafuni baada ya saa kumi na nusu, kinakwenda. Sheria hii ilitungwa miaka mingi nyuma, baada ya mfagizi mmoja kutupa volkano.

Mtunzaji wa utepe huo alikuwa mfagizi mkuu wa jengo la madarasa ya juu, cheo ambacho maana yake ni kwamba alikuwa mfagizi pekee wa jengo hilo. Wanafunzi walimwita Mzee Utepe. Alikuwa na stoo chini ya ngazi, yenye bomba la maji, ndoo nne, mifagio sita na daftari moja. Aliyetaka utepe alikwenda stoo mwenyewe, akataja jina lake kamili, darasa lake, na kitu anachotaka kukizungushia. Mzee Utepe aliandika yote hayo pamoja na saa, kisha akakata utepe kwa meno, maana mkasi uliazimwa na darasa la tano mwaka uliopita na matumaini ya kuuona tena yalikuwa madogo.

Kwa hiyo alipoukuta Mji wa Kesho ukiwa mtupu, bila uzi wa manjano hata kidogo, aliusukumia kwenye toroli kwa ufagio, akawalaumu kimoyomoyo watoto wanaomwaga uchafu katikati ya ukumbi, akaenda zake. Alfajiri ya Jumanne lori la taka lilikuja na kuukandamiza mji wote ukatosha kwenye nafasi ya sanduku la viatu.

*

Saa tatu asubuhi aliitwa kwa meneja wa majengo. Meneja huyu wafanyakazi walimwita Bwana Fomu, kwa sababu hakuna jambo lililoweza kutokea shuleni hapo, likiwamo kuumwa na nyuki, ambalo hakuwa na fomu yake.

"Kaa, mzee."

"Nitasimama tu, bosi. Suruali ina maji ya deki."

"Kaa. Fomu inasema mhusika aketi."

Mzee Utepe aliketi kwenye ncha ya kiti. Bwana Fomu alifungua kalamu.

"Ule mji ulikuwa na utepe?"

"Haukuwa nao."

"Ukautupa."

"Niliutupa. Nilijua ni takataka."

"Ilikuwa takataka," alisema Bwana Fomu, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo, "lakini ilikuwa takataka ya mtaala."

Aliandika kidogo. Nje, darasa la kwanza walikuwa wanaimba wimbo wa kusalimiana kwa lugha kumi na moja, na walikuwa wamekwama kwenye ya nne.

"Sasa sikiliza. Watoto wanasema walimtuma mwenzao kwako kuchukua utepe, saa kumi na robo. Akarudi akasema stoo imefungwa. Na kazi yako inasema stoo iwe wazi mpaka saa kumi na nusu. Kwa hiyo hili si suala la kutupa tena, mzee. Ni suala la kutokuwepo kazini."

Mzee Utepe alifungua mdomo. Stoo ilikuwa wazi. Saa kumi na robo alikuwa amesimama mlangoni pake na watoto watatu wa darasa la tatu, na daftari lenye ushahidi huo lilikuwa kwenye mfuko wake wa nyuma, analikalia wakati huo huo.

"Nani alitumwa?" aliuliza.

Bwana Fomu aliigeuza karatasi aliyoletewa na mwalimu. Aliisoma mpaka mwisho, akavua miwani, akamtazama Mzee Utepe kama mtu anayetazama mguu uliovunjika. Halafu akaisukuma karatasi upande wa pili wa meza.

"Soma mwenyewe."

Hakuhitaji kusoma. Mwandiko huo, ambao kila herufi i ilikuwa na kiduara kichwani badala ya nukta, ulikuwa umebandikwa kwenye mlango wa kabati nyumbani kwake, kwenye ratiba ya nani aoshe vyombo siku gani.

Shule nzima, waliojua kwamba Mzee Utepe ana mtoto darasa la sita walikuwa watu watatu: mkuu wa shule, mhasibu na Bwana Fomu. Mfanyakazi aliyetimiza miaka kumi alipewa nafasi moja ya mtoto kusoma bure mpaka amalize shule ya msingi, na kazi ikiisha nafasi nayo inaisha siku hiyo hiyo, hata kama mtoto yuko katikati ya sentensi. Siku ya kwanza kabisa, wakiwa hatua chache kutoka getini, Mzee Utepe alimwekea binti yake mkono begani akamwambia: "Ukipita hapo, mimi na wewe hatujuani. Wewe ni mwanafunzi, mimi ni mfagizi. Tukitoka, tunajuana tena." Aliona amesema jambo la busara sana. Mtoto alikuwa na miaka sita, akaitikia kwa kichwa, na tangu hapo hakuvunja agano hilo hata mara moja. Alitokea geti la mbele, baba yake geti la nyuma, wakakutana kwenye kona ya fundi viatu.

"Onyo la kwanza unalo," alisema Bwana Fomu, kwa sauti ya chini kidogo. Hilo Mzee Utepe alilipata mwaka juzi, mkaguzi mmoja alipoteleza na kukaa chini kwenye sakafu iliyopigwa deki kwa heshima ya mkaguzi huyo. "La pili ni kuondoka. Unajua."

"Najua."

"Basi nisaidie nikusaidie. Lile daftari lako liko wapi? Kama kuna mtoto yeyote alichukua utepe muda ule, basi ulikuwepo, na mambo yamekwisha."

Yamekwisha kwa nani, ndilo swali. Kama stoo ilikuwa wazi, basi aliyesema imefungwa alisema uongo, na shule ile iliweza kumvumilia mtoto anayetafuna gundi, lakini si anayesema uongo. Ripoti ya mwisho ya darasa la sita ilikuwa na mstari mzima wa Uaminifu. Ripoti hiyo ndiyo ambayo shule ya sekondari iliisubiri kabla ya kuamua kama itampokea binti yake bure. Mzee Utepe alipima. Akiondoka yeye, labda wangemwachia mtoto amalizie wiki tano zilizobaki. Watu huwa na huruma na watoto. Neno baya kwenye ripoti halifutiki kwa wiki tano.

"Daftari nimelisahau nyumbani," alisema, na akajisogeza kwenye kiti ili lisimchome.

"Na stoo?"

"Labda nilikwenda kuchota maji."

"Bomba liko ndani ya stoo, mzee. Niliweka mwenyewe."

"Basi labda nilikwenda chooni."

Bwana Fomu alitafuta kisanduku cha chooni kwenye fomu. Hakikuwepo. Aliweka alama kwenye Mengineyo, akashusha pumzi.

"Mkuu ataamua Alhamisi. Lakini kesho mwalimu wa darasa anaomba ukakae nao kwenye duara."

"Duara la nini?"

"La uponyaji."

"Nani anaumwa?"

"We nenda tu, mzee."

*

Nyumbani kulikuwa na vyumba viwili, pazia moja, na meza moja ambayo ilikuwa mali ya cherehani. Mke wa Mzee Utepe alirekebisha nguo za watu: alipunguza, aliongeza, aliziba. Kwa sababu ya cherehani, binti alifanyia kazi zake za shule kwenye ubao wa pasi, ulioshushwa mpaka chini. Nyumbani kila mtu aliitwa kwa jina la utani, na la binti lilikuwa Profesa, tangu siku aliporudi kutoka darasa la kwanza akiomba chumvi kwa lugha ya shule.

"Wamekuitia nini?" aliuliza mke, na pini mbili mdomoni.

"Nimetupa kitu."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Nimetupa mji."

Mke alitoa pini mdomoni. Nyuma ya pazia, kwenye ubao wa pasi, penseli iliacha kukwaruza.

Alimweleza kwa kifupi, akaruka sehemu moja. Mke alichukua suruali ya kazi ili ailoweke, akapapasa mifuko kama anavyopapasa kila siku, akatoa daftari. Alikuwa mtu wa kusoma chochote kilichoandikwa, hata karatasi iliyofungiwa sabuni.

"Jumatatu," alisoma. "Saa kumi na robo. Darasa la tatu, watoto watatu. Kuzungushia yai la mamba." Akainua macho. "Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na umewaambia nini?"

"Nimewaambia labda nilikuwa chooni."

"Baba Profesa, mtu hawezi kuwa labda chooni. Unakuwa au huwi."

"Punguza sauti."

Aliipunguza, ingawa katika nyumba ile kupunguza sauti kulikuwa adabu tu. Kila kitu kilisikika.

"Kesho unampelekea bosi hili daftari asubuhi asubuhi. Unaliweka mezani, unanyamaza. Limesema lenyewe."

"Nikisema nilikuwepo, aliyesema sikuwepo ni nani?"

Mke alilitazama pazia. Alilitazama muda mrefu, kama vile ni nguo ya mteja iliyokatwa vibaya na haijulikani itaokolewaje. Halafu akaketi kwenye kiti cha cherehani.

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Nikimuuliza atanijibu. Akinijibu itabidi tufanye kitu."

Pazia lilisogea. Profesa alisimama hapo, miaka kumi na mmoja, sketi ya shule iliyoongezwa pindo mara tatu na mama yake, kila pindo la mwaka wake.

"Baba," alisema.

"Umemaliza hesabu?"

"Nimemaliza. Baba, mimi..."

"Basi fanya za kesho."

"Za kesho hatujapewa."

"Jitungie."

Akarudi nyuma ya pazia, na penseli ikaanza tena, polepole mno kwa mtu anayefanya hesabu. Mke aliliweka daftari mezani, akalisawazisha kwa kiganja, akarudisha pini mdomoni, na hakuzitoa tena mpaka wakati wa chakula.

*

Duara liliketi kwenye zulia la darasa la sita, Jumatano baada ya mapumziko. Mtu aliyeingia kwenye zulia alivua viatu. Mzee Utepe hakuwa ameambiwa, na soksi yake ya kulia ilikuwa na tundu ambalo kidole gumba kililitumia kama dirisha. Alikunja mguu huo chini yake. Magoti yalilia yote mawili. Watoto kumi na tisa walimtazama kwa upole mkubwa, kama walivyofundishwa.

Mwalimu alikuwa mgeni wa mwaka huo, mtu mwema, ambaye kila alipotaka kusema jambo zito alishusha sauti na kuinamisha kichwa upande. Mkononi alikuwa na jiwe lililopakwa rangi ya zambarau.

"Hili ni jiwe la kusema," alieleza kwa lugha ya shule. "Mwenye jiwe anasema ukweli wa moyo wake. Wengine tunasikiliza. Na mgeni wetu atasema kwa lugha anayostarehe nayo. Nani atatutafsiria?"

Mzee Utepe aliielewa lugha ya shule. Huwezi kufagia chini ya lugha miaka kumi na sita bila kuokota kitu. Lakini hakuwahi kuombwa kuizungumza, na mdomo wake haukuwa na mazoea nayo.

Mtoto wa mwenye hoteli, msichana aliyekuwa kiongozi wa kikundi cha mji, alinyoosha kidole upande wa dirisha, alikoketi Profesa. "Yeye anaijua sana. Huwa anapiga soga na walinzi."

"Vizuri kabisa," alisema mwalimu. "Njoo ukae karibu na mgeni wetu."

Profesa aliinuka. Alizunguka duara lote kwa njia ndefu, akaja akaketi kando ya baba yake. Tangu wapite geti lile, miaka mitano na nusu, hawakuwahi kukaa karibu hivyo. Alinukia sabuni ya kufulia ya nyumbani. Baba yake alinukia dawa ya kuua vijidudu ya shule.

Jiwe lilianza safari.

"Mimi nilisikia huzuni tumboni," alisema mtoto wa mwenye hoteli. "Maghorofa nilibandika mimi."

"Mimi nilisikia hasira," alisema mwingine, "ya rangi ya machungwa."

"Mimi nilijiuliza kama taratibu zilifuatwa," alisema mvulana wa miwani, ambaye huenda kesho au keshokutwa atakuwa Bwana Fomu wa mahali fulani.

"Mimi sikusikia kitu, sikuwa kwenye kikundi hicho. Lakini naomba kwenda msalani."

Lilipomfikia Profesa alilipitisha bila kusema neno. Sheria ya duara iliruhusu. Likaangukia kwenye kiganja cha Mzee Utepe, nalo lilikuwa bado na joto la mikono ya watoto.

Alikohoa. Alimgeukia binti yake, akamwita kwa adabu aliyompa mwanafunzi yeyote.

"Tafadhali, mwanafunzi, waambie naomba radhi. Ilikuwa kazi nzuri, na mimi niliitupa. Waambie mwenzao alifika stoo, akakuta nimefunga. Nilikuwa nimeondoka. Kosa lote ni langu. Yule aliyetumwa hana kosa lolote. Waambie hivyo hivyo."

Darasa zima lilimtazama mkalimani.

"Pole pole tu," alisema mwalimu, kichwa upande.

"Anasema anaomba radhi," Profesa alianza kwa lugha ya shule, macho kwenye zulia. "Anasema ilikuwa kazi nzuri. Anasema aliyetumwa alikuta stoo imefungwa." Akainua macho. "Lakini haikuwa imefungwa."

Mwalimu alikunja uso kidogo. "Anasema hivyo?"

"Hapana. Hilo nasema mimi."

"Basi anahitaji jiwe," alisema mvulana wa miwani. "Hana jiwe."

Profesa alinyoosha mkono. Mzee Utepe hakutoa jiwe. Alilifumbata kwa vidole vyote vitano, akatikisa kichwa mara moja, kidogo sana, kama anavyomtikisia mtoto anayetaka kukanyaga sakafu mbichi. Profesa akalishika upande wa pili. Kwa muda, mbele ya watoto kumi na saba na mwalimu mmoja, mfagizi na mwanafunzi walivutana jiwe la uponyaji.

"Nipe jiwe, Baba," alisema, kwa lugha ya nyumbani.

Hakusema kwa sauti kubwa. Lakini neno la mwisho lilikuwa fupi, na watoto wa bendera zote thelathini na nne walilijua. Vidole vya Mzee Utepe vililegea vyenyewe.

"Mimi ndiye niliyetumwa," alisema Profesa, jiwe mapajani. Alikuwa amerudi kwenye lugha ya shule, na alisema bila kupanda wala kushuka, kama anayesoma orodha. "Stoo ilikuwa wazi. Alikuwa amejifunga utepe kichwani kama taji anawachekesha darasa la tatu. Nikasimama kwenye kona. Ningefika angeniuliza jina langu kama hanijui, na mimi ningemtajia kama simjui. Tunafanya hivyo tangu darasa la kwanza. Siku zote nafanya. Jumatatu nilikuwa nimechoka. Nikarudi nikasema imefungwa."

Aliyekwenda msalani alirudi, akaona nyuso, akasimama mlangoni.

"Kwa hiyo siku zote tunamwita Mzee Utepe," alisema mtoto wa mwenye hoteli, "na wewe upo?"

"Nipo."

"Ungesema."

"Mngefanya nini?"

Mtoto wa mwenye hoteli alifikiri kwa dhati. "Sijui," alisema mwisho.

"Mimi alinitafutia waya wangu wa meno kwenye mapipa," alisema mvulana mmoja aliyekuwa kimya mpaka hapo. "Mapipa matatu. Sikujua ni baba wa mtu."

Mwalimu alikuwa amefikia karatasi laini za kufuta pua na alikuwa anazimaliza. Mzee Utepe alitazama sakafu. Aliona, kwa jicho la kazi, kwamba kapu la taka la darasa limejaa, na akashukuru kuwa na kitu cha kutazama.

*

Siku hiyo Profesa hakumngoja kwenye kona ya fundi viatu. Alikuwa geti la nyuma, ameketi juu ya mkoba wake, karibu na mapipa. Walitembea mwendo mrefu.

"Wenzako wamesemaje?" baba aliuliza.

"Hawasemi na mimi. Wa miwani tu, ameniuliza kama nina shahidi."

"Watasema."

"Labda."

Walipita duka la vipuri, wakapita kinyozi.

"Ile sheria ilikuwa yako," alisema Profesa. "Ya kutojuana."

"Najua."

"Nilipokuwa mdogo nilidhani ni wewe hutaki. Kwamba mimi ndiye nakuaibisha."

Walipofika kwa fundi viatu Mzee Utepe aliuchukua mkoba wa binti yake, ingawa ulikuwa mwepesi, na kuuning'iniza kwenye bega ambalo siku zote lilimuuma.

*

Alhamisi mkuu wa shule aliamua onyo lifutwe. Mzee Utepe aliliweka daftari mezani kwa Bwana Fomu, ambaye alisoma habari za yai la mamba mara mbili.

"Lilikuwa nyumbani, eti."

"Lilikuwa nyumbani," alisema Mzee Utepe.

Bwana Fomu hakubishana. Tatizo lilikuwa kwamba fomu ya onyo ilikuwa na namba, na fomu yenye namba haichanwi. Kwa hiyo aliandika IMEFUTWA juu yake kwa wino mwekundu, kuanzia kona hadi kona, akairudisha kwenye faili, mahali ambapo itakaa, imefutwa, mpaka Mzee Utepe astaafu.

"Na mtoto?"

"Hatasema kwenye Maonyesho. Atasimama nyuma, atashika waya wa taa. Kwenye mstari wa Uaminifu mwalimu ameandika 'bado anajifunza'."

"Hiyo mbaya?"

Bwana Fomu alifunika kalamu. "Sijui sekondari watasomaje, mzee. Mwaka huu wanaoomba ni wengi. Nisikudanganye."

Kuanzia saa nne mpaka saa sita Mzee Utepe alifanya kazi yake yote na nyingine juu yake. Alizunguka madarasa, jiko, ofisi za walimu. Wakati wa chakula kulikuwa na gunia mlangoni pa darasa la sita, lenye maboksi ya maziwa yaliyooshwa, vigogo, trei nne za mayai na vifuniko vya chupa vilivyopangwa kwa rangi, na gunia lilikuwa limezungushiwa utepe wa manjano mara tatu. Ndani hakukuwa na barua. Watoto walijenga kwa pupa, bila wiki tatu, na mji wa pili ulitoka umepinda upande mmoja kama mji wa kawaida.

Saa kumi na robo alikuwa stoo, anakamua deki, aliposikia viatu vimesimama mlangoni. Alipogeuka aliwaona wanne: mtoto wa mwenye hoteli, mvulana wa miwani, yule wa waya wa meno, na mbele yao, akisukumwa kidogo kwa nyuma, Profesa.

"Baba," alisema. "Tunaomba utepe."

Kwa mazoea, Mzee Utepe aligeuka kutazama nyuma yake ni baba gani anaitwa. Kulikuwa na ndoo tu. Alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa daftari mfuko wa nyuma, akaliweka juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatia kalamu mate.

"Jina kamili," alisema.

"Baba."

"Daftari linataka jina."

Mvulana wa miwani aliitikia kwa kichwa. Hilo aliliona sawa kabisa. Profesa alivuta pumzi. Shuleni alijulikana kwa jina lake na la babu, na la katikati lilikuwa halijawahi kupita geti. Alitaja lake. Halafu akataja la baba yake. Halafu la babu.

Mzee Utepe aliandika polepole, herufi moja moja. Mstari haukutosha. Jina lake lilitoka nje ya safu, likapita juu ya safu ya saa, likaifunika. Alilitazama, akauma utepe, akaukata.

"Na unakwenda kuzungushia nini?" aliuliza.